Nyumba ya shamba pa Kapalata: mbwa wawili, siafu, na wageni wengine wa pori

Wachimbaji wengi wa Tshopo, wakipata kidogo kwenye kareri, wanawaza lupango pembeni ya mji. Sisi tulifanya vile. Haya ndiyo tuliyoona mwaka wa kwanza, na haya ndiyo tunayopenda familia zingine za wachimbaji wajue kabla ya kufunga mizigo.

Almasi haina ahadi. Kila mtu aliyeshika chepeo pa Bafwasende, Opala au Banalia anajua hiyo. Tangu miaka ya 1980, pale serikali ilipoacha raia wachimbe, familia nyingi za Kisangani zimeishi kwa jiwe: leo nyama mezani, kesho deni kwa negosia. Shimo likijaa maji, baba anakaa miezi mitatu bila kutuma kitu. Na nyumba ya kupanga mjini haingoji.

Kwa hiyo tulinunua shamba pa Kapalata, pale nyumba za mji zinaanza kuwa chache na mihogo inaanza kuwa mingi. Tulikuta nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu, manjanja yametoboka upande mmoja, michikichi minne, makemba nyuma, na kisima. Mmoja wetu alirudi kareri ili kulipa deni la mwisho. Sisi wengine tulibaki kufyeka.

Jina la Kapalata linaleta mawazo mazito kwa watu wazima. Wanakumbuka kambi ya askari ya mwaka 1997, na vijana wengi waliotoka Kivu ambao kipindupindu kiliwapiga pale. Siku tuliyofika, mzee mmoja jirani alituambia kabla ya salamu kuisha: "Wanangu, hapa maji ni ya kuchemsha. Msikie vizuri: ya kuchemsha." Tulianza na kazi hiyo. Tulifunika kisima na mbao, tukaweka kamba na ndoo moja tu isiyogusa chini, na choo tukakichimba mbali, upande wa chini wa mteremko. Wachimbaji tunajua kuchimba. Angalau shimo hilo halikutudanganya.

Mbwa waliokuja na nyumba

Mwenye shamba wa zamani alituachia mbwa wawili. Dume ni wa rangi ya kahawia, kifua cheupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Watoto walimwita PDG, kwa sababu anakula wa kwanza na hashuki hata siku moja ndani ya shimo. Jike ni mwembamba, mweusi kidogo usoni. Huyo tulimwita Deni. Popote unapokwenda, anakufuata.

Usiku wa kwanza tuliogopa kwamba ni wagonjwa, maana hawakubweka. PDG alitoa sauti moja ya ajabu, kama mtu anayejaribu kuimba na koo limekauka. Mzee jirani alicheka sana. Akatuambia kwamba mbwa wa pori la kwetu ndivyo walivyo: wanalia, wanaguna, wanaimba, lakini kubweka bila kukoma kama mbwa wa wazungu, hapana. Ndiyo maana wawindaji wanawafunga kengele ya mti shingoni: bila kengele huwezi kujua mbwa yuko wapi ndani ya majani.

Mbwa hawa wana habari ndefu kuliko tulivyodhani. Mwaka 1895 Waingereza walipeleka wawili kwao kuonyesha watu. Wakafa haraka kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine walipelekwa tena, wakaonyeshwa London, na watu wakapanga mstari kuwatazama. Leo wanafugwa Ulaya na Marekani kwa pesa nyingi, na jina lao ni "Basenji". Kila msomaji wetu anajua neno hilo limetoka wapi. Ni lile tusi la enzi ya wakoloni, basenji, washenzi, watu wa kijijini. Mbwa wa washenzi sasa analala kwenye kiti cha tajiri, na hapa kwetu bado anapigwa mawe njiani.

Sisi tulijifunza kuwasikiliza namna yao. PDG akiguna chini chini, ni mtu. Deni akisimama bila sauti, mguu mmoja juu, ni kitu cha pori. Hiyo tofauti ilitusaidia mara nyingi.

Mwizi wa mayai na mchawi wa usiku

Wiki ya pili mayai yalianza kupotea. Mambo ya kwanza mtu anayofikiri ni jirani. Watoto walianza kumtazama vibaya kijana mmoja anayepita na toleka yake alfajiri. Tulimwaga majivu chini mbele ya banda la kuku. Asubuhi tulikuta nyayo ndogo za mviringo, kama za paka. Usiku uliofuata tulimwona kwa tochi: kanu, paka wa pori mwenye madoa na mkia wa pete pete, akitutazama kutoka juu ya mchikichi kama mtu anayengoja tuzime taa. Tulibadilisha mlango wa banda, tukaziba chini kwa mawe. Mayai yakarudi, na kijana wa toleka hakujua kamwe kwamba alikuwa ameshitakiwa.

Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Kila usiku, upande wa bonde la maji, kulikuwa sauti: kwang, kwang, kwang, saa nyingi bila kuchoka. Watu waliohamia karibuni kama sisi walianza kusema ni uchawi, na jina la mama mzee mmoja anayekaa peke yake likaanza kutembea. Tunajua sote, hapa Kisangani na kwingine, maneno kama hayo yanaishia wapi. Mzee jirani alichukua vijana watano na tochi, akawapeleka kwenye miti ya bondeni. Walikuta popo wakubwa, ngembo wenye pua pana na kichwa kirefu sawa cha farasi. Ni madume. Wanakusanyika mahali pamoja kando ya maji, kila mmoja anapiga kelele na kutikisa mabawa, na majike wanapita kuchagua mume. "Ni ndoa tu banatafuta," mzee aliwaambia vijana. Mama mzee bado anatuuzia sombe kila Jumamosi.

Usiku wa siafu

Kisangani hakuna kiangazi cha kweli. Mvua inanyesha karibu miezi yote, na inazidi kati ya Septemba na Novemba. Ilikuwa Oktoba, saa nane ya usiku, Deni alipoanza kukwaruza mlango. Hakuwa anaguna. Alikuwa analia kama mtoto. Tulipofungua, chini ilikuwa inatembea.

Siafu hawana macho. Wanafuata harufu ya wenzao, mamilioni katika kundi moja, na mahali mstari unapita, chochote kilichofungwa na kisichoweza kukimbia kinaliwa: kifaranga, sungura, mbwa mwenye kamba shingoni. Mtoto mchanga aliyeachwa peke yake pia yuko hatarini. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kupigana nao. Kazi ya kwanza ni kuhesabu watu.

Tulibeba watoto mgongoni, tukafungua banda, kuku wakaruka kwenye miti. Kuku mmoja aliyekuwa amelalia mayai alikataa kutoka, huyo tulimpoteza. Mbwa walikuwa huru, walikwisha kukimbia barabarani na kutungoja. Tulimwaga majivu ya moto kwenye mlango wa chumba cha chakula, halafu tukaenda kukaa kwa jirani mpaka asubuhi.

Saa mbili asubuhi walikuwa wamepita. Na hapa ndipo tulipoona faida: hakuna mende hata mmoja, hakuna panya kwenye paa, hakuna kunguni kwenye vitanda. Mama jirani alituambia: "Siafu ni bakazi ba bure, lakini hawapigi hodi." Tangu siku ile kanuni ya nyumba yetu ni moja: mbwa hafungwi usiku, na mlango wa banda la kuku unafungulika upesi hata gizani.

Nyoka: kusimama kabla ya kukimbia

Mtu anayetoka kareri anafikiri ameona nyoka wote. Lakini shamba lina nyoka wake, kwa sababu lina panya, vyura na rundo la kuni. Sisi tulikutana na aina mbili. Wa kwanza ni yule mweusi mrefu anayeng'aa, anayefungua shingo: cobra wa msituni. Huyo akisikia watu anapenda kwenda zake. Wa pili ni mbaya kwa sababu hakimbii. Ni mnene kama mkono wa mtu mzima, mfupi, na rangi zake ni sawa kabisa na majani makavu. Meno yake ya sumu yanaweza kufika sentimita 5, hakuna nyoka mwingine duniani anayemshinda kwa hiyo.

Mtoto wetu wa miaka tisa alikuwa anaenda kuokota ngazi chini ya michikichi. Deni alikuwa mbele. Akasimama, mguu juu, kimya. Mtoto naye akasimama, kama alivyofundishwa. Hatua mbili mbele, majani yalikuwa na macho. Jirani alikuja na mti mrefu akamuua. Hatukuwa na huruma siku hiyo, na hatutasema kwamba tulikuwa nayo.

Lakini tulichukua hatua ambazo hazihitaji mti. Kuni tuliziinua juu ya mbao, mbali na nyumba. Tulifyeka mita tano kuzunguka kuta. Usiku hakuna anayekwenda choo bila tochi na viatu. Na kama mtu akiumwa: usikate kidonda, usinyonye, usifunge kamba ya nguvu, usingoje jiwe nyeusi lifanye kazi. Mtoe pete na bangili kabla mkono haujavimba. Funga kiungo na mti ili kisitembee, mbebe mgonjwa asitembee mwenyewe, na mwende hospitali penye serumu. Saa ndizo dawa ya kwanza.

Mbwa asiyejulikana

Siafu na nyoka wanatisha, lakini kilichotutisha kuliko vyote kilikuja na mkia chini, mchana, barabarani.

Ilikuwa mbwa mgeni. Alitembea upande upande, mate yanachuruzika, hatazami mtu. Aliingia lupango letu, akamuuma PDG sikioni, akatoka, akamuuma mtoto wa jirani kwenye mguu. Mtoto ana miaka saba. Baba yake alikuwa kareri, siku mbili kwa moto na nusu siku kwa miguu.

Watu walikusanyika kila mmoja na dawa yake. Mmoja alitaka pilipili, mwingine majivu, wa tatu alisema wakate nywele za yule mbwa waziweke kwenye kidonda. Mama wa mtoto alikuwa amekwisha kusikia tangazo la chanjo kwenye redio. Hakujibu mtu. Alichukua sabuni ya kufulia na maji ya kumiminika, akaosha kidonda dakika kumi na tano kamili, mtoto akipiga kelele na sisi tukimshika. Hilo ndilo jambo sahihi, na Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema vilevile: maji, sabuni, dakika 15, halafu chanjo siku ileile. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa waliumwa na mbwa. Dalili zikianza, kuogopa maji na kushindwa kumeza, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Inajulikana tangu Julai 1885, pale Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa huko Alsace.

Kituo cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilikuwa nayo, kwa bei. Mama alikuwa na pesa, lakini pesa ile ilikuwa na kazi: mume wake aliuza jiwe dogo mwezi uliopita, akatuma pesa ya manjanja ya jikoni. Alikuwa ameifunga kwenye kitambaa ndani ya gunia la mchele. Tulimwona anakaa dakika moja, kitambaa mkononi. Halafu akasema: "Mvua itanyesha ndani. Basi inyeshe." Tukapanda moto, watu watatu, mtoto katikati.

Chanjo ya kwanza si mwisho. Lazima kurudi siku zilizopangwa, mara kadhaa, hata kama mtoto anacheza na kidonda kimefunga. Wachimbaji wenzake na baba walichanga kwa simu kulipa zile zilizobaki. Mtoto anasoma mwaka wa pili. Jikoni kwao, msimu ule wote, walipika chini ya mwavuli.

Na PDG? Yeye na Deni walikuwa wamechanjwa miezi michache mbele na mganga wa wanyama, tulipowapokea. Kadi ilikuwepo. Tulimpeleka, akapigwa sindano nyingine, akafungwa peke yake mchana na kuangaliwa. Alipona, sikio moja limekatika kidogo. Mbwa mwingine wa mtaa aliyeumwa siku ile hakuwa na kadi, na mwenye mbwa alilazimika kumuua. Wasomaji, tunasema wazi: chanjo ya mbwa ni rahisi kuliko chanjo ya mtoto. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa. Ulizeni ofisi ya wanyama ya komini yenu kama kuna kampeni. Na anayerudi kareri na mbwa wake, amchanje kabla ya safari, kwa sababu kule hakuna hata kituo cha pili.

Nyama kama jiwe

Asubuhi moja watoto walipiga kelele: "Mama, kuya kuona! Iko nyama kama jiwe!" Mbwa wote wawili walikuwa wanazunguka kitu cha mviringo, chenye magamba, kama kichikichi kikubwa. PDG alijaribu kuuma, jino likateleza. Ilikuwa kakakuona.

Hana meno. Anakula sisimizi na mchwa kwa ulimi mrefu wa kunata. Akiogopa anajikunja, basi, hana silaha nyingine. Mama anazaa mtoto mmoja, anambeba juu ya mkia. Mnyama wa namna hiyo akiwindwa sana, hawezi kurudi kama panya.

Habari inakimbia. Kabla ya saa nne mtu mmoja alikuja na pikipiki, akataja bei. Ilikuwa bei nzuri, zaidi ya kazi ya wiki mbili za chepeo, na nyumbani mfuko wa chumvi ulikuwa umebaki chini. Tulijadiliana, na si kwa sauti ndogo. Mmoja alisema: "Pori ni kareri ya Mungu, kilichotoka ni chako." Mwingine akajibu: "Na kareri ikiisha?" Tangu Januari 2017 biashara ya kakakuona kati ya nchi na nchi imekatazwa duniani kote, na ya kasuku wetu wa kijivu vilevile. Kongo ina sheria yake ya kulinda viumbe, ya tarehe 11 Februari 2014. Anayekamatwa na mzigo njiani mara nyingi ni maskini, si mwenye kununua.

Tuliwaita mbwa ndani, tukafunga mlango. Mtu wa pikipiki alingoja kidogo, akaondoka na hasira. Jioni yule mnyama alijifungua polepole, akanusa, akaingia kwenye vichaka. Tulikula sombe bila chumvi nyingi.

Kile ambacho wachimbaji wanaona

Kuna habari moja ya Tshopo ambayo tunapenda kuwaambia watoto. Mwaka 2007, watafiti wa kundi la John na Terese Hart walifika Opala. Nyumbani kwa mkurugenzi wa shule ya msingi walikuta nyani mdogo amefungwa, uso kama wa mtu, macho makubwa. Wenyeji walimwita lesula. Wao walimjua siku zote, sayansi haikumjua. Mwaka 2012 aliandikwa rasmi kama aina mpya, na mwaka 2016 pori lake kati ya Tshopo na Maniema likawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Lomami. Yote hiyo ilianzia kwenye uwanja wa nyumba ya mtu.

Wachimbaji wanafika mahali ambapo profesa hafiki. Wanaona mengi, na mara nyingi kile wanachoona kinaishia chunguni. Pa Kisangani Chuo Kikuu kina kituo cha kuchunguza viumbe, na kilomita kama 15 tu kutoka mji, kwenye barabara ya zamani ya Buta, kuna msitu wa Masako ambao wanafunzi wanausoma miaka mingi. Anayeona kitu asichokijua, apige picha kwa simu na kuuliza. Na mnyama aliyekutwa amekufa porini, asiguswe na watoto: mpox, tunayoijua sana sasa, ilionekana mara ya kwanza kwa binadamu hapa Kongo, mwaka 1970, kwa mtoto mchanga.

Kwa familia inayotaka kuhamia shamba, shauri letu ni fupi. Njoo kwanza kuona mahali wakati wa mvua kubwa, si siku ya jua. Uliza wazee sauti za usiku ni za nani. Weka pesa ya chanjo ya mbwa pamoja na pesa ya misumari. Na usitegemee kwamba pori limekwisha pale ulipojenga. Deni amezaa watoto wanne mwezi huu, na hakuna anayebweka. Watatu wamekwisha kupata wenyewe, wote wachimbaji. Kila mmoja atachukua mbwa wake siku atakapoleta kadi ya chanjo.